Yoga: Manufaa yake na jinsi ya kuteua mtindo ufaao

KARANI anayeinamia kompyuta kutwa nzima na dereva wa matatu anayeshika usukani tangu alfajiri aghalabu huwa na lalama moja: kiuno. Wengi hukimbilia vidonge vya kutuliza maumivu. Hata hivyo, mnamo 2017 chama cha madaktari wa maradhi ya ndani nchini Marekani kilishauri kwamba maumivu sugu ya kiuno yakabiliwe kwanza kwa njia zisizo za dawa. Yoga ilikuwa miongoni mwa njia zilizotajwa.

Mazoezi haya yana asili yake India, na jina lenyewe ni la Kisanskriti, lenye maana ya kuunganisha. Huhusisha mikao ya mwili, kupumua kwa utaratibu na kutuliza mawazo. Ayafanyaye kwa miezi kadhaa hulainika viungo, misuli yake hupata nguvu na hujimudu vyema asimamapo. Kupumua polepole hutuliza mapigo ya moyo, huondoa wasiwasi na huweza kuteremsha shinikizo la damu kwa kiasi, ijapokuwa hiyo si ruhusa ya mgonjwa kuacha dawa alizopewa na daktari.

Wanaovunjika moyo mapema aghalabu ni wale walioingia darasa lisilowafaa. Yoga si moja. Katika miaka ya 1930 mjini Mysore, kusini mwa India, mwalimu T. Krishnamacharya alikuwa na wanafunzi wawili ambao baadaye walishika njia tofauti kabisa. K. Pattabhi Jois alieneza ashtanga, mfululizo wa mikao ya kasi unaomtoa mtu jasho jembamba. B.K.S. Iyengar, aliyedhoofishwa utotoni na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, alisisitiza kuukalia kila mkao kwa muda na kwa usahihi, akitumia mikanda, vipande vya mbao na viti kumsaidia asiyeweza kujikunja.

Kwa hivyo kijana mwenye siha aliyezoea kukimbia atafurahia ashtanga, au vinyasa iliyochipuka kutoka kwayo. Mwenye viungo vikavu, au anayeuguza mgongo, heri aanze na mtindo wa Iyengar ama darasa la polepole ambalo kwa kawaida huitwa hatha. Wakongwe nao wana yoga ya kufanyia kitini, na si jambo la kuonea haya. Ule mtindo wa Bikram, wenye mikao 26 katika chumba chenye joto la takriban nyuzi 40, haufai wajawazito wala wenye maradhi ya moyo.

Isitoshe, mikao ya kichwa chini miguu juu huongeza shinikizo ndani ya macho. Mwenye glaukoma aiepuke, na mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa vivyo hivyo. Mwalimu asiyeuliza habari za maradhi kabla ya somo la kwanza hafai kuaminiwa na kiuno cha mtu.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini, kwani yoga ilikulia katika falsafa ya Kihindi. Madarasa mengi ya sasa hushughulikia mwili na pumzi pekee, lakini mengine huwa na nyimbo za ibada. Ni vyema kuuliza mapema. Dhana kwamba haya ni mambo ya matajiri pia imeanza kufifia: Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mnamo 2007, imewafunza ualimu vijana wengi, wakiwemo wa mitaa ya mabanda.

Anayeanza ajaribu madarasa mawili au matatu tofauti kabla ya kulipia mwezi mzima. Aende tumbo likiwa jepesi, akiwa na mkeka usioteleza. Msuli ukivutika ni kawaida. Goti au shingo ikichoma, aache papo hapo na kumwarifu mwalimu.