Nakshi Upande wa Kibla

Ukifika Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuutafuta msikiti unaosifiwa kwa ukongwe, unaweza kuupita usiujue. Una paa la bati, kuta zilizopakwa chokaa na makaburi machache pembeni. Hauna mnara wa kukuvuta macho kutoka barabarani. Mpaka uvue viatu, uingie ndani na kuelekea kibla, ndipo uione kazi: mihrabu ya mawe ya matumbawe na ukanda wa maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi, herufi zake zikipanda kama mashina na kuchanua majani kwenye ncha. Maandishi yanataja tarehe mosi Mfunguo Pili mwaka 500 wa Hijria, ambao ni mwaka 1107 wa Miladi.

Mwaka 1922 Samuel Flury aliyachapisha na kuyachambua maandishi hayo, na tangu hapo wataalamu hawajachoka kubishana. Kuna walioona humo mkono wa mafundi wa Siraf, bandari ya Uajemi, na kuna wanaosema mafundi wa mwambao wamenyimwa haki yao. Ubishi huo una maana yake, lakini mimi hushangazwa zaidi na mahali kazi ilipowekwa. Kwa nini nje pawe patupu hivyo, na ufundi wote ukusanyike kwenye ukuta mmoja?

Fundi wa Kiislamu aliyetaka kupamba alikuta mpaka umekwisha kuwekwa. Hadithi zinazojulikana na kila mtoto wa chuoni zinasema kwamba waliotengeneza sura za viumbe wataambiwa Siku ya Kiyama wavitie uhai walivyoviumba. Lakini imepokewa pia habari ya mtu aliyekwenda kwa Ibn Abbas, binamu wa Mtume, akamweleza kwamba riziki yake yote inatokana na kuchora sura. Ibn Abbas alimsomea onyo, na alipoona jinsi lilivyomwingia mtu yule, akampa njia: kama huna budi kuchora, basi chora miti na kila kisicho na roho. Mlango mmoja ukafungwa na mwingine ukaachwa wazi, na kupitia huo waliingia mafundi wa karne nyingi na mizabibu yao, mawaridi, minyororo na herufi zinazoota majani. Sisemi kwamba walitii daima. Milango ya Mji Mkongwe ina samaki waliochongwa vizuri tu, na sijaona mwenye nyumba aliyeng'oa mlango wake kwa sababu hiyo.

Jiwe la kazi lilitoka baharini. La kujengea kuta lilichimbwa nchi kavu, gumu na lenye mashimo, lakini la kuchonga lilikatwa likiwa hai, mwambani, chini ya maji. Tumbawe hilo likiwa bado bichi hukubali patasi karibu kama mti, na likikauka huwa gumu na hushika alama zote ulizolitia. Kwa hiyo fundi alikuwa na siku zake za kufanya kazi, na akichelewa jiwe halimngoji. Mabaki mengine yalipangwa juu ya magogo kwenye tanuu na kuchomwa yawe chokaa. Jiwe, chokaa na nakshi vilitoka bahari ileile alimovua samaki wake.

Nakshi haikutangulia. Kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton na wenzake walichimba miaka ya 1980 chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa, wakakuta msikiti chini ya msikiti, mpaka wakafikia alama za nguzo za miti za karne ya 8. Kijengo hicho kilikuwa kidogo, na mwelekeo wake ulipinda kutoka Makka. Waliojenga walikuwa bado wanatafuta upande. Mawe yalikuja baadaye, na mapambo baada ya mawe. Kwa Kilwa sitakawia, maana habari zake zimeandikwa sana: Msikiti Mkuu ulipanuliwa katika karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na karibu yake Msikiti Mdogo wa Kuba ulipachikwa mabakuli ya kung'aa ndani ya kuba lake, juu ya vichwa vya wenye kusali.

Mabakuli hayo yanatupeleka majumbani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, kadiri unavyotoka ukumbini kuelekea ndani ndivyo mapambo yanavyozidi, na chumba cha ndani kabisa kina zidaka: safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, kimoja juu ya kingine, ukuta mzima. Humo ziliwekwa sahani za Kichina na vitu vya thamani. Mgeni wa barazani hakuziona. Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizi, alieleza kwamba chumba hicho ndimo walimozaliwa watoto na kuoshewa maiti, na kwamba zidaka na vyombo vyake vilikuwa kinga ya wakaao humo. Shehe mkali angenuna kusikia sahani inamkinga mtu na jicho la hasidi. Lakini hata hapa mpangilio ni uleule wa Kizimkazi: nje kumeachwa kukavu, na uzuri umepewa kazi mahali ambapo mtu anauhitaji.

Pate ikafilisika. Vita na Lamu, ugomvi wa kurithi kiti na biashara iliyohamia kwingine viliimaliza, na nyumba zikaanza kuangukia ndani. Hapo ndipo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwanachuoni wa ukoo wa masharifu, alipotunga Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukaripia kwa kudanganyika na dunia, kisha anaushika mkono na kuutembeza ndani ya majumba ya matajiri aliowajua. Anaonyesha taa zilizokuwa zikiwaka, watumishi, vitanda vya fahari. Halafu anaonyesha zidaka zilezile: palipopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Popo wananing'inia, buibui wametanda.

Ukimsoma kwa haraka utasema huyu ni adui wa mapambo. Soma tena uone alivyoyajua. Mtu asiyewahi kusimama mbele ya zidaka na kuzitamani asingeziona hivyo, kishubaka kwa kishubaka. Na silaha aliyoichukua kuishambulia fahari ni shairi lililochongwa kwa vipimo, mishororo minne kila ubeti, vina vimelingana, limeanza kwa jina la Mwenyezi Mungu kama ilivyo ada ya tenzi. Kwake ukumbusho ulistahili ufundi kuliko ukuta wa tajiri. Ndiyo hesabu ya mchongaji wa Kikufi, ila huyu alichonga maneno ya kubebwa kichwani.

Miongo michache kabla ya shairi hilo, kama mwaka 1770, watu wa Kizimkazi walikuwa na gofu lao. Msikiti wa mwaka 500 ulikuwa umechakaa, wakaujenga upya karibu wote na kuacha maandishi yao yenye mwaka 1184 wa Hijria. Kuta unazoziona leo kwa sehemu kubwa ni zao. Mawe yenye herufi zinazochanua hawakuyatupa wala kuyahamishia mlangoni ambako wapita njia wangeyaona. Waliyaacha upande wa kibla.