Nomos: Sheria, Torati na Malisho

Kwa mkazi wa Manyoni, sheria ni mambo ya mahakama ya mwanzo, polisi, au sheria ndogo za halmashauri. Akiusoma Waraka kwa Warumi kwa maana hiyo tu, atamwona Paulo kama mtu anayebomoa utaratibu wote wa maisha. Sivyo.

Neno la Kigiriki analolitumia Paulo ni nomos. Linatokana na kitenzi nemein, yaani kugawa, kumpa kila mmoja fungu lake. Kitenzi hichohicho humaanisha pia kulisha mifugo. Nomos ikiwekewa mkazo mwishoni huwa ni malisho. Mfugaji wa Kigogo atalielewa upesi kuliko wengi wetu, maana anajua kwamba malisho yasipogawanywa kwa utaratibu unaokubalika, ugomvi hauishi. Ndiyo maana nomos ilikuwa desturi na ada za watu kabla ya kuwa amri ya dola.

Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kutafsiri Maandiko kwa Kigiriki, karne ya 3 KK, walilitumia neno hilo kwa tora ya Kiebrania, ambayo asili yake ni mafundisho, maelekezo ya mzazi au kuhani. Tangu hapo nomos ikabeba maana pana. Katika Yohana 10:34 ni Zaburi; katika 1 Wakorintho 14:21 ni Isaya; katika Warumi 7:23 ni nguvu inayomtawala mtu kutoka ndani.

Kiswahili kina maneno mawili, yote yaliyoingia kupitia Kiarabu: torati na sheria. Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, waliyatumia yote mawili ndani ya Warumi 3:21. Kigiriki kinasema nomos mara mbili. Wao waliandika sheria kwanza, kisha torati. Tafsiri ya Habari Njema ikaandika Sheria mara zote mbili. Naona wale wa kwanza walifanya vyema zaidi, kwa sababu msomaji anaona wazi kwamba masharti hayamwokoi mtu, lakini Maandiko yanashuhudia wokovu.

Kwa hiyo, makatekista na walimu wa Biblia wa Kilimatinde, Itigi na Manyoni mjini, msomeeni mtu aya hiyo katika tafsiri zote mbili kabla hamjamwambia kwamba sheria imepitwa na wakati.