Majitaka Hayaumwi

Mtoto wa Katoro, Geita, akiambiwa darasani kwamba maji ya chooni "yametibiwa", ana haki ya kuuliza yalikuwa yanaumwa nini.

Swali hilo peke yake lingetosha kuliondoa neno kutibu katika masomo ya majitaka, lakini kamati za istilahi hazina mazoea ya kuwasikiliza watoto. Kutibu limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotuletea pia tiba, tabibu na matibabu, ukoo ambao maskani yake ni hospitalini. Tabibu akimponya mgonjwa homa, homa hiyo haibaki kwenye ndoo ikisubiri kutupwa. Majitaka yana desturi nyingine. Yakipita kwenye wavu, takataka hunasa. Yakitulizwa, tope huzama. Bakteria wakila uchafu ulioyeyuka, wao wenyewe huongezeka na kuwa tope. Maji hutoka, tope hubaki, na lazima likaushwe na kutafutiwa pa kwenda. Kutibu kunaficha nusu ya kazi, tena ile nusu inayonuka.

Wengine wamekimbilia kuchakata. Mkonge huchakatwa, samaki huchakatwa, data huchakatwa, na sasa topekinyesi. Neno linaloajiriwa na kila kiwanda halimwambii mwanafunzi kinachotendeka ndani ya kiwanda chochote.

Mwandishi wa makala haya anasimama na kuchenjua. Geita neno hili halihitaji kamusi. Nyarugusu au Rwamgasa, mawe husagwa kwenye karasha, unga wake hupitishwa na maji kwenye mwalo, dhahabu ikanasa kwa uzito wake na mchanga ukapita. Mchanga huo huitwa marudio, na huuzwa tena kwa wenye mitambo ya sianidi. Mtoto aliyekulia hapo anajua kwamba uchenjuaji huacha vitu viwili, na kwamba hicho cha pili lazima kiwe na mwenyewe.

Umbo la neno nalo linashuhudia. Kiishio -ua kimo katika vitenzi vingi vya kutenganisha: kubandua, kukwanyua, kupambanua na, kwa fahari ya Shinyanga, kuchambua pamba. Aliyewahi kuona mbegu zikiachana na nyuzi hana haja ya semina ya siku tatu ili aelewe kuchenjua majitaka.

Katika kikao kimoja mjumbe alilicheka pendekezo hili, akidai watoto watadhani majitaka hutiwa zebaki kama mchanga wa dhahabu. Pingamizi hilo lilikuwa na uzito mkubwa kuliko alivyojua aliyelitoa. Zebaki ni elementi. Bakteria wa bwawa la majitaka hawawezi kuivunja ikatoweka, hubadili umbo lake tu. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini pamoja na majitaka yake, ikaingia kwenye samaki na kwa walaji wao. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 ukapewa jina la mji huo. Kwa hiyo mwalimu wa Geita anahitaji neno litakalomlazimisha mwanafunzi kuuliza: kimetengwa nini, na marudio yamekwenda wapi? Wakazi jirani na mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, walijibiwa swali hilo vibaya tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi ulipobomoka na tope likaingia mashambani na kwenye makazi.

Kwa vitendo darasani, kichujio kidogo kinatosha: chupa ya plastiki iliyokatwa, kokoto, mchanga, maji ya kuoshea vyombo; uchafu ulionaswa uonyeshwe, na maji yaliyotoka yasinywewe, maana vijidudu havionekani kwa macho.

Kuhusu kama majitaka yaandikwe neno moja au mawili, mwandishi anaiachia kamati. Itapata kazi ya mwaka mzima, na posho zake.