Tamko la Forodha: Wajibu wa Wakala na Mwenye Mzigo Katika Taratibu za Sasa za Uondoshaji Shehena

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Wananchi wengi wanaoagiza bidhaa kutoka nje ya nchi huamini kwamba mara wanapomkabidhi wakala wa forodha nyaraka na fedha, dhima yote ya mzigo huhamia kwake. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 147 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinamhesabu wakala aliyeidhinishwa kuwa ndiye mwenye mzigo, na hivyo kumwajibisha yeye binafsi kulipa ushuru unaodaiwa. Hata hivyo, kifungu hicho hicho hakimwondolei mwenye mzigo halisi wajibu wake, na kifungu cha 148 kinaongeza kuwa mwenye mzigo anawajibika kwa matendo na matamko ya wakala wake. Kwa maneno mengine, kosa moja katika tamko la forodha lina watu wawili wa kulijibu.

Jambo hilo limepata uzito zaidi katika miaka ya karibuni kutokana na mabadiliko ya taratibu za forodha. Makala hii inaeleza mabadiliko hayo, nafasi ya vyama vya mawakala katika kuyatekeleza, pamoja na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuzichukua ili kulinda mali na haki zake.

Kutoka kaunta hadi kwenye mfumo

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), iliyoanza kazi tarehe 1 Julai, 1996, ndiyo inayosimamia forodha kwa niaba ya Serikali. Kwa miaka mingi kazi ya wakala ilikuwa ya kubeba majalada kutoka dirisha moja hadi jingine, na sehemu kubwa ya uthaminishaji wa awali wa bidhaa ilifanywa na kampuni ya ukaguzi kwa mkataba na Serikali. Mwaka 2012 TRA ilichukua jukumu hilo, na mwaka 2014 Mfumo wa Forodha wa Tanzania, unaofahamika zaidi kwa jina la TANCIS, ulianza kutumika badala ya mfumo wa awali wa ASYCUDA++.

Hatua iliyofuata ni Mfumo wa Dirisha Moja la Kielektroniki, unaoziunganisha na Forodha taasisi zinazotoa vibali vya kuingiza na kutoa bidhaa. Miongoni mwa taasisi hizo ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Lengo ni kumwezesha mwombaji kuwasilisha taarifa mara moja badala ya kuzirudia katika kila ofisi.

Sambamba na hayo, sheria inaruhusu tamko la forodha kuwasilishwa kabla mzigo haujafika nchini. Meli ikiwa bado safarini, wakala anaweza kuwasilisha hati ya shehena, ankara ya muuzaji na vibali, kisha ushuru ukakadiriwa na kulipwa. Utaratibu huo ni miongoni mwa mambo yaliyomo katika Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari, 2017, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Faida yake ni dhahiri. Kila siku kontena linapokaa bandarini au katika bandari kavu baada ya muda wa bure kwisha, tozo ya uhifadhi huongezeka, na kampuni ya meli nayo hudai tozo ya kucheleweshewa kontena lake. Gharama hizo hatimaye hulipwa na mlaji dukani.

Hata hivyo, kasi hiyo imehamishia uzito wote kwenye tamko lenyewe. Mfumo hupima vihatarishi vya kila tamko na kuamua mzigo upi uruhusiwe moja kwa moja, upi nyaraka zake zichunguzwe, na upi upite kwenye skana au ukaguliwe kwa kufunguliwa. Mzigo ulioruhusiwa leo unaweza kuchunguzwa tena kesho, kwa kuwa Forodha ina mamlaka ya kumtaka mwenye mzigo atoe nyaraka zake ndani ya miaka 5 tangu siku ya kuingiza bidhaa. Kukabidhiwa mzigo, kwa hiyo, si uthibitisho kwamba hesabu zimefungwa.

Tarakimu 8 zinazobeba gharama

Makosa mengi katika tamko la forodha huhusu mambo matatu, ambayo ni thamani ya bidhaa, nchi ilikotengenezwa na uainishaji wake. Uainishaji hufanywa kwa msimbo wa bidhaa. Tarakimu 6 za mwanzo ni za Shirika la Forodha Duniani na hutumika karibu dunia nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza tarakimu 2 na kufanya msimbo wa tarakimu 8. Msimbo huo ndio unaoamua bidhaa iangukie kiwango gani katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, ambao kwa kawaida ni asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa za kati zinazoendelea kutumika viwandani, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tangu tarehe 1 Julai, 2022, kimeongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa ambazo Jumuiya imeamua kulinda uzalishaji wake.

Mfano ufuatao unaonesha uzito wa jambo hili. Mfanyabiashara ameingiza bidhaa zenye thamani ya shilingi 20,000,000, ikijumuisha bima na nauli hadi bandarini. Ikiwa bidhaa imeainishwa katika kiwango cha asilimia 10, ushuru wa forodha ni shilingi 2,000,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, inayokokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, ni shilingi 3,960,000. Jumla ni shilingi 5,960,000. Bidhaa hiyo hiyo ikiainishwa katika kiwango cha asilimia 25, ushuru huwa shilingi 5,000,000 na Kodi ya Ongezeko la Thamani shilingi 4,500,000, yaani jumla ya shilingi 9,500,000. Tofauti ni shilingi 3,540,000, kabla ya kuhesabu tozo nyingine.

Ikiwa uainishaji sahihi ulikuwa wa asilimia 25 na kosa likabainika katika ukaguzi wa baadaye, bidhaa zimekwisha kuuzwa kwa bei iliyokokotolewa kwa gharama pungufu. Deni litatoka katika mtaji wa mfanyabiashara. Aidha, mtu anayepatikana na hatia ya kuwasilisha tamko la uongo au lisilo sahihi anaweza, chini ya kifungu cha 203, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3 au kutozwa faini isiyozidi dola za Marekani 10,000.

Wigo wa kazi umevuka mipaka

Mabadiliko mengine makubwa ni Himaya Moja ya Forodha, ambayo nchi za Jumuiya zilianza kuitekeleza mwaka 2014. Hapo awali shehena iliyokuwa ikienda Kigali kupitia Dar es Salaam iliandikiwa tamko la kupita nchini, kisha ikaandikiwa jingine mpakani. Chini ya Himaya Moja, tamko huwasilishwa katika nchi mzigo unakokwenda na kodi hulipwa huko wakati shehena ikiwa bado katika bandari ya kwanza ya kuingilia. Mzigo husafiri ukiwa umekwisha kulipiwa.

Mpakani nako, vituo vya huduma kwa pamoja, kama vile Rusumo, Namanga, Holili, Mutukula na Tunduma, huwakutanisha maofisa wa nchi mbili katika eneo moja ili gari lisimame mara moja badala ya mara mbili.

Kwa mawakala, mageuzi hayo yana pande mbili. Kazi ya kuandika tamko la pili mpakani imepungua, na ofisi zilizoitegemea zimelazimika kutafuta shughuli nyingine. Kwa upande mwingine, nchi wanachama zimekubaliana kuwatambua mawakala wa kila upande, hivyo wakala mwenye sifa anaweza kuhudumia shehena nje ya mipaka ya nchi yake.

Nafasi ya vyama vya mawakala

Katika mazingira hayo, vyama vya mawakala vimepata wajibu mkubwa zaidi kuliko kutetea maslahi ya wanachama pekee. Hapa nchini, Chama cha Mawakala wa Forodha Tanzania (TAFFA) ndicho kinachowawakilisha mbele ya TRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2017 na husimamia huduma za usafiri majini. Kikanda, vyama vya kitaifa vimeungana katika Shirikisho la Vyama vya Mawakala wa Usafirishaji wa Afrika Mashariki (FEAFFA). Kimataifa lipo shirikisho la FIATA, lililoundwa mjini Vienna, Austria, tarehe 31 Mei, 1926.

Kazi ya vyama hivi inayomgusa mwananchi moja kwa moja ni mafunzo. FEAFFA kwa kushirikiana na mamlaka za mapato za ukanda huu huendesha mafunzo ya cheti cha kitaalamu cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, ambayo kwa Tanzania hutolewa katika Chuo cha Kodi. Mafunzo hayo yanahusu uainishaji, uthaminishaji, kanuni za uasili wa bidhaa na maadili ya kazi.

Umuhimu wa taaluma unaonekana pia katika Mkataba wa Uwezeshaji Biashara. Mkataba huo unazuia nchi wanachama kuanzisha sharti jipya la kulazimisha matumizi ya wakala wa forodha, na unataka kanuni za leseni ziwe wazi na zisizo na upendeleo. Kwa mantiki hiyo, ulinzi wa kudumu wa kazi ya uwakala ni umahiri wa wakala mwenyewe. Wakala ambaye kazi yake ni kufuatilia majalada atapunguziwa nafasi na mfumo wa kompyuta. Wakala anayeweza kumweleza mteja kwa nini bidhaa yake imepewa msimbo fulani, na kulitetea jibu hilo mbele ya Forodha, ataendelea kuhitajika.

Mambo ya kuzingatia kwa mwenye mzigo

Kwa kuwa dhima ni ya pamoja, mwananchi anayeagiza bidhaa anashauriwa kuzingatia yafuatayo.

Kwanza, ahakikishe kuwa wakala ana leseni hai. Leseni ya wakala hutolewa na Forodha na inaweza kusimamishwa au kufutwa. Mtu asiye na leseni anayejitambulisha kuwa ni wakala kwa kutumia jina la kampuni nyingine humweka mwenye mzigo katika hatari kubwa.

Pili, idhini kwa wakala itolewe kwa maandishi, ikitaja mzigo unaohusika. Forodha inaweza kuitaka idhini hiyo wakati wowote.

Tatu, ankara iwe ya kweli. Kumwomba muuzaji aandike thamani ndogo hakumsaidii mwagizaji, kwa sababu Forodha isiporidhika na thamani iliyotamkwa inaweza kutumia njia nyingine za uthaminishaji zilizowekwa na sheria.

Nne, vibali viombwe kabla ya bidhaa kupakiwa melini. Bidhaa zinazohitaji kuthibitishwa ubora katika nchi zinakotoka, chini ya utaratibu wa TBS ulioanza mwaka 2012, zisisafirishwe bila cheti husika.

Tano, mwenye mzigo aombe nakala ya tamko kabla ya kulipa, alinganishe msimbo, thamani na idadi na nyaraka zake, kisha alipe kwa namba ya malipo ya Serikali. Nyaraka zote zihifadhiwe kwa miaka 5.

Sita, mzigo usitelekezwe. Bidhaa zilizowekwa katika ghala la forodha zisipoondolewa ndani ya siku 30, hutolewa tangazo. Siku 30 nyingine zikipita bila kuondolewa, huhesabiwa kuwa zimetelekezwa na zinaweza kuuzwa kwa mnada.

Haki ya kupinga uamuzi

Sheria haikuweka wajibu bila haki. Mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa Forodha, ukiwemo wa uainishaji au uthaminishaji, anaweza kumwandikia Kamishna kuomba mapitio ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa, akieleza sababu zake. Kamishna anatakiwa kujibu kwa maandishi na kwa sababu ndani ya siku 30 tangu kupokea ombi. Asipofanya hivyo, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Asiyeridhika na majibu anaweza kukata rufaa ndani ya siku 45. Kwa Tanzania, ngazi ya kwanza ni Bodi ya Rufani za Kodi, ikifuatiwa na Baraza la Rufani za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani kwa masuala ya kisheria.

Siku 30 za kuomba mapitio huanza kuhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, na si tangu siku wakala alipomjulisha mteja wake. Kwa sababu hiyo, mwenye mzigo anapaswa kumtaka wakala amfikishie kila barua ya Forodha siku ile ile inapopokelewa, na wakala anayejali taaluma yake hatangoja kukumbushwa.