Moniteri, Chuo Kikuu na Migomba

Wasomaji wetu wa Butembo na Beni wanalijua neno moniteri. Wazee wakilitaja hucheka kidogo, wala si kwa furaha. Wakati wa Wabelgiji moniteri wa ukulima alipita vijijini kupima viwanja, na asiyelima kama alivyoamriwa alitozwa faini au alifungwa.

Mwaka 1933 mambo mawili yalitokea pamoja. Serikali ya Ubelgiji iliunda INEAC, shirika la uchunguzi wa ukulima, na makao yake yakawa Yangambi, kando ya mto Kongo. Mwaka uleule amri iliwataka wanakijiji watoe siku 60 kila mwaka kwa kazi za lazima, na kulima mazao yaliyoamriwa kulihesabiwa humo. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikawa 120. Basi tazameni: waliojua sababu walikaa Yangambi na vitabu vyao, na aliyefika kijijini alileta amri bila sababu. Kwa maoni yetu jeraha hilo halijapona. Hata leo agronomo akiingia shambani, mama mwenye shamba hutazama kwanza daftari lake.

Masomo ya juu yalikuwa mbali vilevile. Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu kuwa kimoja, na masomo ya ukulima yakapelekwa Yangambi. Kwa kijana wa Butembo hiyo ilikuwa safari ya kuvuka msitu wote wa Ituri.

Ndipo mwaka 1989, kwa juhudi ya Mhashamu Emmanuel Kataliko, Askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Ukulima ni mojawapo ya masomo yake.

Faida ilionekana katika migomba. Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi mwaka 2001: majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na shina likikatwa linatoa usaha wa manjano. Mwaka 2006 Profesa Vigheri Ndungo wa Graben pamoja na wenzake wa nchi nyingine waliwajulisha wataalamu wa dunia kwamba ugonjwa huo umo Kongo. Wadudu huuchukua kutoka ua hadi ua, na panga huuchukua kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo watu walifundishwa kuvunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, na kupitisha panga motoni.

Shauri la tatu lilikuwa zito: kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake. Wakulima wengi hawakulifuata. Je, walikuwa wakaidi? Kung'oa ni kazi ya kuvunja mgongo, na anayeng'oa yote hukaa bila chakula na bila kasiksi ya kuuza. Wataalamu wakarudi kuchunguza katika mashamba ya Kivu, wakaona kwamba kukata mti mgonjwa peke yake, mara tu dalili zinapoonekana, tena bila kuchoka, hupunguza ugonjwa sana. Hapo mkulima alimfundisha mwalimu.

Kujua kusikiliza namna hiyo ni elimu yenyewe, nayo ina shahada zake. Makerere huko Uganda, Egerton huko Kenya na Sokoine huko Morogoro hufundisha ugani mpaka shahada ya pili. Kijana wetu anayepita Kasindi kwenda Makerere alisoma kwa Kifaransa, atafundishwa kwa Kiingereza, na akirudi atasema Kinande na Kiswahili. Tunaona taabu hiyo inamfaa: anayelazimika kutafuta maneno hujifunza kueleza.

Lakini atafanyia wapi uchunguzi wake? Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza wakulima wengi wa Beni mashambani mwao. Migomba imebaki huko bila mtu wa kukata ule ulio mgonjwa, na wenyewe wamepanga vyumba mjini. Huko mjini ndiko itambidi awatafute.