Uzee Haukuwamo Kwenye Mshahara

Vijana wa mjini tuna maneno mengi juu ya wazee wetu. Eti mzee alifanya kazi miaka thelathini na hana hata ploti. Eti buda alikula ujana, sasa anataka tumlishe sisi. Pale maskani maneno haya yanachekesha. Lakini ndugu msomaji, kabla hatujacheka tena, hebu tuulize: huyo mzee alilipwa nini hasa, na katika malipo hayo, siku za uzee wake zilihesabiwa wapi?

Tuanze na reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na kando yake ikazaliwa miji na kazi za mshahara. Mkoloni alitaka mikono ya Mwafrika, lakini hakutaka Mwafrika akae mjini na kuzeekea humo. Basi akapanga mshahara wa kapera: posho ya mtu mmoja, kitanda cha mtu mmoja. Mke na watoto wangelishwa na shamba la nyumbani. Na nguvu zikimwishia je? Arudi huko huko. Kwa hesabu hiyo kijiji ndicho kilichokuwa pensheni ya mfanyakazi, na mwenye kuilipa alikuwa mwanamke aliyebaki nyuma na jembe. Tena sheria za ardhi za 1902 na 1915 zilikuwa zimekwisha kuwafungulia walowezi mlango wa kuchukua mashamba. Kwa wengi, kijiji kile walichoambiwa wakazeekee kilikuwa kinapungua kila mwaka.

Pale bandarini Mombasa hali ilikuwa vile vile, ila kwa sura nyingine. Wapakuzi wengi walikuwa vibarua. Neno lenyewe lasema kila kitu: kibarua ni barua ndogo, kikaratasi cha kazi ya siku. Meli ikija unakula, isipokuja unalala njaa. Mtu anayehesabu maisha yake siku moja moja, ataweka vipi akiba ya miaka ishirini mbele?

Januari 1947 wafanyakazi walichoka. Wapatao 15,000 waligoma Mombasa, bandari ikasimama, reli ikasimama, mahoteli yakakosa wapishi. Walikutana kila siku kwenye uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia alitokea kuwa kiongozi wao, na mwaka huo huo serikali ilimkamata ikampeleka mbali na pwani. Lakini swali walilouliza halikukamatika: mtu na jamaa yake wataishije kwa mshahara huu?

Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, chini ya Carpenter, ilikiri. Ilisema mshahara wa wengi haukumtosha hata huyo kapera, na kwamba mfanyakazi anahitaji mambo manne: ujira wa kulisha familia, kazi ya kudumu, nyumba ya kuishi na familia yake, na usalama wa uzeeni. Tazama mwaka huo. Tangu reli ianze ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne. Kijana wa miaka ishirini aliyebeba mataruma mwaka 1896 alikuwa sasa na miaka sabini na minane, kama alijaliwa kuufikia.

Uhuru ulipokuja, Kenya iliunda NSSF mwaka 1965. Ilikuwa hatua, tusiibeze. Lakini ilikuwa mfuko wa akiba: mwajiri anakata, anaongeza chake, na siku ya kustaafu mzee anapewa fungu lake lote mara moja. Fungu hilo lilikwenda kwa karo, bati za nyumba na deni la duka. Mwezi uliofuata hakikuja kitu. Tena kima chenyewe kilikuwa kidogo. Kuanzia 2001 makato hayakuzidi shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri 200, mpaka sheria mpya ya 2013 ilipoanza kutekelezwa mwaka 2023. Piga hesabu mwenyewe.

Na mama je? Yule aliyeuza mahamri asubuhi na mboga jioni, au aliyelima shamba ili mzee aweze kuishi kwa mshahara wa kapera? Hakuwa na mwajiri wa kumkatia. Kwenye daftari la mfuko hakuwepo kabisa. Ilibidi ingojwe Katiba ya 2010, kifungu cha 57, iseme kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ukaanza kuwalipa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama mtu aliwahi kuajiriwa. Hazifiki shilingi 70 kwa siku. Hata hivyo, kwa mama wengi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa taifa kuilipia kazi yao.

Sisemi kila mzee alikuwa malaika. Wapo waliokunywa, wapo waliotupa familia. Ninachosema ni kwamba umaskini wa wengi uliandikwa kwenye hesabu ya ofisi kabla wao hawajapokea senti ya kwanza. Kumsaidia mzee basi si sadaka wala kufidia uzembe wake. Ni kulipa sehemu ya deni ambalo wengine walilikwepa, huku tukiidai serikali ilipe sehemu yake.

Basi vijana wenzangu, mlio na kalamu, fanyeni kitu. Muulize mzee namba yake ya uanachama, ukafuatilie kama waajiri wake walipeleka makato. Muulize mama kama jina lake limeandikishwa. Halafu kaa chini, chukua daftari, muulize alilipwa ngapi, alilala wapi, nani alilima. Uyaandike. Nyaraka za serikali zimejaa maneno ya waliopanga mishahara. Ya walioipokea yamo vifuani mwa wazee wetu, na kila mazishi yanaondoka na mengine.