Askari wa Anga za Mbali: Msamiati wa Vita na Historia ya Laini Saba

Hudaiwa mara kwa mara kwamba hadithi za vita vya anga za mbali ni jambo geni katika Kiswahili, na kwamba lugha hii haiwezi kuzisimulia mpaka iundiwe kwanza msamiati mpya. Dai hilo lafaa lipimwe kwa historia. Huko Kibera, Nairobi, ambako Laini Saba ni mojawapo ya vijiji vyake, sinema za mapigano zimependwa kwa miaka mingi katika mabanda ya video. Na katika karne hii ya 21 wasimulizi, kama vile DJ Afro, wamezifasiri kwa Kiswahili na Sheng huku picha zikiendelea. Hadithi za askari wa angani ni tawi la sinema hizo, na utamu wake una mizizi ya kale mahali hapo.

Hadithi ya namna hiyo huhitaji misamiati miwili: wa chombo na wa kambi. Wa kwanza ulitoka baharini. Nahodha ni neno lenye asili ya Kiajemi, rubani ni la Kiarabu, na manowari ni la Kiingereza. Rubani wa bahari amekwisha kuwa rubani wa ndege, na chombo kimekwisha kuitwa chombo cha anga, wala hapakuhitajika kamati. Wamarekani nao walipita njia iyo hiyo: Robert Heinlein, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini kabla ya kuwa mwandishi, alipotoa riwaya ya Starship Troopers mwaka 1959, aliwapakia askari wa miguu katika manowari na kuwapeleka kupigana kwenye sayari nyingine.

Msamiati wa pili ulitoka kambini. Kibera, jina linalotokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilikaliwa na askari wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Na mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari wa asili hiyo walitumia vyeo vya Kituruki vilivyopitia Misri. Afande lingali hai vinywani mwa askari wa Kenya. Ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, na shaushi yalienea pia katika jeshi la Wajerumani. Hata neno laini lina mwangwi wa kambi, kwa kuwa ndilo lililotumika kuzitaja safu za nyumba za askari.

Lakini jambo lenyewe halikomei kwenye maneno. Mwaka 1943 askari wa Afrika ya Mashariki walipakiwa melini kwenda Ceylon, na mwaka 1944 wakapigana Burma, katika vita ambavyo chanzo chake hakikuwa chao. Askari wa Heinlein hupata haki ya kupiga kura kwa kulitumikia taifa. Wanubi wa Kibera walitumikia, ila uraia wao na haki yao ya ardhi vikabaki mashakani kwa vizazi kadhaa. Ni mwaka 2011 tu ndipo Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilipoamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Na hatimiliki ya ekari 288 ilitolewa mwaka 2017.

Ni kweli kwamba wakazi wengi wa Kibera si Wanubi. Hata hivyo, Wakamba, na wengineo waishio humo, nao walitoa askari wengi wa KAR. Kwa hiyo swali la askari aliyetumwa mbali, kwamba atalipwa nini arudipo, si la kuazima.

Basi wajibu wa wanaisimu ni kuyarekodi masimulizi ya mabanda hayo kabla hayajapotea, na kuyachunguza kwa makini kama wanavyozichunguza tenzi za vita vya kale. Kamusi itakayopuuza chemchemi hii itaunda maneno ambayo wasemaji wanayo tayari.